Simba Aliyezoea Gari

Huyu ninayemsema ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, na wifi kwa kawaida husemwa jikoni, hasemwi mbele za watu. Mimi nitamsema waziwazi kwa sababu nimechoka kusikia akisifiwa. Watu wanasema amewaokoa simba. Ukimwambia hivyo usoni, anainamisha kichwa na kuanza kupanga vikombe ambavyo tayari vimepangika. Wanadhani ni unyenyekevu. Si unyenyekevu hata kidogo.

Kazi yake ni kuwafuatilia simba. Mradi uliomwajiri una ofisi katika nyumba ya kupanga mtaa wa pili kutoka kwetu, sebule imejaa ramani na bafu limejaa matairi. Kila asubuhi hutoka na gari la mradi kwenda nyikani kuwatafuta simba wake, na akishawaona huwapigia simu wafugaji kuwaambia leo msipeleke ng'ombe upande ule. Kabla hajaanza kazi, mfugaji akipoteza ndama alitia sumu kwenye mzoga, na simba, fisi na tai wakafa pamoja. Wengine walinaswa kwenye mitego ya waya iliyotegewa swala. Mambo hayo yamepungua sana, na yamepungua kwa jasho lake. Mimi na yeye tumeshagombana kwa mengi, lakini haki yake simnyimi.

Mtaani anaitwa Taratibu. Anaendesha gari mpaka baiskeli zinampita. Kaka yangu ni fundi magari, mtu anayependa kusikia injini ikinguruma, na alikuwa akiwaambia wateja kwamba ameoa dereva wa gari la maiti. Wifi hakujali. Huo ndio ulikuwa ujuzi wake wote. Alinieleza siku moja tukichambua mchele: unafika, unasimama mbali, unazima injini, unakaa. Hushuki, hupigi honi, husemi kwa sauti. Simba akiinuka kwa wasiwasi, wewe ndiye unayeondoka. Kesho unasogea kidogo. Gari liwe lile lile, mwendo ule ule. Ukivumilia hivyo mwaka baada ya mwaka, simba anaacha kuliogopa gari, na hapo ndipo unaweza kumchunguza, ukajua kama ana kidonda, kama amekula, kama anaelekea kwenye mazizi ya watu.

Miongoni mwao kulikuwa na madume wawili, ndugu. Mmoja aliitwa Sikio, kwa kuwa sikio lake la kushoto lilichanika kwenye ugomvi. Mwingine aliitwa Mdogo, ingawa kwa mwili walikuwa sawa. Wifi aliwajua tangu wakiwa watoto wenye madoadoa tumboni, na alivyokuwa akiwasimulia mezani ungedhani ni kaka zake wa kuzaliwa. Ndiyo maana kaka yangu akawaita shemeji zake. Kila jioni mke akirudi amejaa vumbi, swali la kwanza lilikuwa hilo: "Shemeji zangu wameshindaje?" Na mama yetu, ambaye hacheki ovyo, akauliza hao wakwe watakuja lini kusalimia, afunge mbuzi mapema.

Nyika ile haina miti mingi. Jua likipanda, Sikio na Mdogo walikuja wenyewe kulala kwenye kivuli cha gari. Walijibwaga ubavuni, mkia ukigonga tairi, na wifi akabaki ndani hana pa kwenda mpaka waamke. Alikuwa akirudi amekauka koo, kibofu kinamuuma, na furaha haimwishi. Wageni wa makao makuu waliwahi kuja na gari la pili wakampiga picha: kichwa cha simba chini ya mlango, kiwiko cha wifi juu yake. Aliitundika sebuleni, palepale ambapo wengine hutundika picha ya harusi.

Mpaka wa hifadhi ile ni barabara ya vumbi tu. Upande huu simba haguswi. Upande wa pili ni kitalu cha uwindaji, ambako mtu mwenye leseni anaruhusiwa kumpiga simba dume aliyetimiza umri, akachukua kichwa na ngozi akaenda kupamba ukuta wa kwake. Vibao vipo, lakini simba hasomi vibao. Wifi alilijua hilo kama sisi sote. Alihangaika na wafugaji, akahangaika na watega waya, na akipiga magoti kuomba nadhani aliwaombea hata wawindaji wakose shabaha. Gari halikumjia akilini hata mara moja.

Cherehani yangu iko kwenye kibanda kilichopakana na gereji ya kaka, ukuta ni wa bati, kwa hiyo umbea wote wa gereji ninausikia bila kuinuka. Siku hiyo wifi alileta gari kubadilishwa breki. Alikaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa ambacho kaka amekifanya benchi la wateja. Mara akaingia dereva wa kampuni ya uwindaji, springi imekatika. Si mtu mbaya yule dereva. Watoto wake nawashonea sare za shule, na akija kuzichukua huwa anashukuru mpaka unaona aibu. Ila ni msimuliaji, na msimuliaji akipata benchi lenye watu hawezi kujizuia.

"Mteja wetu ana bahati ya ajabu," akasema. "Wenzake wanazunguka porini siku nenda siku rudi, wanaambulia nyayo. Yeye simba amemfuata mwenyewe."

Kaka alikuwa chini ya gari. Akauliza huko huko chini simba anamfuataje mtu.

"Tumesimama tunakunywa maji. Namwona anatoka kwenye majani, anakuja tu, hana haraka. Nikajua leo tumekwisha. Wapi! Amefika, akalitazama gari, akajilaza ubavuni kama mbuzi wa nyumbani. Sasa sheria inasema ushuke, upige ukiwa mbali na gari. Ikabidi tusogee polepole mpaka kwenye kichaka, wenzangu wakashukia upande wa pili, mimi nikaondoa gari. Na yeye akainuka, akawa analifuata gari. Hakutazama hata kule waliko wenye bunduki."

Akacheka. Nami nilicheka, huku kwangu, mguu ukiwa kwenye kanyagio la cherehani. Nasema hivyo ili ijulikane kwamba kisa kile kilichekesha. Kisha nikasikia sauti ya wifi, na haikuwa kubwa.

"Sikio lake la kushoto lilikuwaje?"

"Limechanika," dereva akasema. "Kwani unamjua?"

Nilitoka kibandani nikamkuta wifi anatazama lile gari lenye springi mbovu, halafu anatazama la kwake. Yalikuwa ya aina moja, rangi moja ya majani makavu, kama yalivyo magari yote ya porini. Kaka alijivuta kutoka uvunguni akakaa chini sakafuni na spana mkononi. Dereva ndipo akaelewa, akaanza kusema kwamba kibali kilikuwepo, umri ulitimia, kila kitu kilifuata sheria. Na ilikuwa kweli. Wifi akamwambia anajua, akachukua mkoba wake na kwenda nyumbani kwa miguu, gari lake likabaki halina breki.

Jioni nilipeleka mkate na maneno ya faraja niliyokuwa nimeyapanga njiani. Nilikuta ukuta wa sebule uko wazi, picha imeshushwa na kugeuzwa uso sakafuni. Nilitegemea machozi, maana mtu anayelia najua la kumfanyia, unamtilia sukari nyingi kwenye chai na unamwacha. Yeye alikuwa anafua kitambaa cha meza kisicho na doa.

Kaka akamwambia lile ambalo mume yeyote angesema, kwamba si yeye aliyefyatua risasi.

"Wao wamepiga tu," wifi akasema. "Aliyewashikia ni mimi."

Mimi, ambaye sijui kunyamaza, nikamwambia asijitwishe dhambi za watu, kwani hakuna sheria inayokataza kumfanyia mnyama upole. Akanijibu kwamba simba wote wa upande wa pili, ambao hakuna mtu aliyewafanyia upole, wakisikia injini wanatokomea. Wale wako hai. Sikio alikuwa na akili kama wao. Alizaliwa anaogopa gari, na yeye alikaa miaka akimtoa hofu hiyo kidogo kidogo, kwa subira, akiona fahari. Alisema hivyo huku anakamua kitambaa, akikikamua tena baada ya kuisha maji. Nikamwambia basi, yaliyopita yamepita.

Ndipo akasema kwamba Mdogo bado yupo.

Hapo ndipo palipokuwa na moto wenyewe. Kwa siku kadhaa wifi alikuwa akimwona Mdogo peke yake, asijue kwa nini, akitembea kando ya ile barabara na kunguruma akimwita ndugu yake. Nyayo zake zilikuwa zikivuka kwenda kitaluni na kurudi. Msimu wa uwindaji haujafungwa, kampuni ilikuwa na kibali kingine, na umri wake ulikuwa ule ule wa Sikio. Na kati ya hao wawili, aliyependa gari zaidi ni yeye.

Asubuhi wifi alikwenda ofisini kumwambia mkuu wa mradi kwamba anataka kumtisha Mdogo mpaka achukie gari. Mkuu yule ni mtu mpole, anafuta miwani yake kila akikosa jibu, na siku hiyo, wifi alinihadithia, aliifuta mpaka ikakaribia kutoboka. Alisema naye ameumia. Lakini akauliza: simba akianza kulikimbia gari, wao watamfuatiliaje? Watajuaje kama anaelekea kwenye mazizi? Wafugaji wakiacha kupigiwa simu watarudi kwenye sumu, na sumu haichagui. Maswali yalikuwa ya haki. Wifi akasema nyayo zipo, atafuata nyayo, atashuka na kutembea kama walivyofanya wazee wa kazi hiyo kabla ya magari. Itakuwa ngumu na atakosea mara nyingi. Mkuu akamwambia kwamba makao makuu wakiuliza, hakumruhusu. Wifi akasema sawa, mseme ni mimi.

Kaka alifunga honi ya lori kwenye lile gari bila kuulizwa. Kisha wifi akaja kibandani kwangu kuniomba nifuatane naye, kwani mtu hawezi kuendesha huku anapiga kelele za kutosha.

"Kwa nini mimi?" nikamuuliza.

"Kwa sababu una mdomo," akasema, na hakuwa anatania.

Sikuwahi kumwona simba maishani mwangu, wala sikuwa na shida ya kumwona. Nilikaa kiti cha nyuma, debe tupu mapajani, rungu mkononi, nikimkumbuka kila mtu niliyemkosea. Tulimkuta Mdogo si mbali na barabara, jua limeshakuwa kali. Alikuwa mkubwa kuliko nilivyotarajia. Aliposikia injini aliinua kichwa, akasimama na kuja moja kwa moja, akitembea kama mtu anayerudi kwake. Akapita chini ya dirisha langu, nikaona makovu ya puani, akazunguka hadi upande wa wifi na kujibwaga. Gari lilitikisika kidogo. Nilimsikia akishusha pumzi ndefu.

Mkono wa wifi ulikuwa juu ya honi. Haukubonyeza.

Nikamnong'oneza apige. Akasema, "Amechoka. Amekuwa akimwita ndugu yake."

Nilipandwa na hasira, nadhani kwa sababu ya woga. Nikamwambia amwache apumzike vizuri basi, wenye bunduki watakuja kumwamsha. Ni neno baya kumwambia mtu aliye katika hali ile, lakini wifi alibonyeza.

Honi ya lori haikutengenezwa kwa ajili ya mtu aliyelala chini yake. Mdogo aliruka, akajigonga ubavu kwenye mlango, akakimbilia vichakani. Nilipiga debe mpaka mkono ukafa ganzi. Tukanyamaza. Kwa muda hapakuwa na kitu isipokuwa vumbi. Halafu kichwa chake kikatokeza kwenye majani, akatutazama, akatazama kulia na kushoto, akaanza kuja tena. Sikuelewa, mpaka wifi aliposema kwamba anakuja kujificha. Kuna kitu kimemtisha, na mahali pa salama anapopajua ni hapa kwetu.

Hapo nami roho iliniuma, mimi niliyekwenda nikimwombea simba yule akae mbali nami.

Wifi akawasha gari akamwendea kwa kasi. Mwanamke ambaye baiskeli zilimpita alikanyaga mafuta mpaka debe likanitoka mikononi. Alimfukuza hadi kwenye makorongo, honi haijanyamaza, na alikuwa akipiga kelele. Katika miaka yote ya ndoa yake sijawahi kusikia akipandisha sauti, hata siku kaka alipouza kabati lake. Sasa alimwita mnyama yule mjinga, akamwita mpumbavu asiyejua adui yake, akamwambia atoke, atoke, atoke. Mdogo alikimbia, akasimama, akageuka kutazama. Tulimfukuza tena. Akageuka tena.

Haikuisha siku moja wala mbili. Wifi alikwenda kila siku, nami nilifuatana naye kila nilipoweza kuacha cherehani. Tuliongeza fataki. Alirudi nyumbani sauti imekauka, anaongea kwa ishara kama mgonjwa wa koo, na kaka yangu hakuuliza tena habari za shemeji. Kuna siku Mdogo alishindwa kuvumilia, akatugeukia akiwa ameonyesha meno yote, akapiga mlango kwa kucha. Rangi ilitoka mistari mirefu. Mimi nilipiga yowe nikajifunika debe usoni. Wifi alisema, "Vizuri," kama mwalimu anayesahihisha daftari, lakini jioni hiyo ilibidi kaka amshikie kikombe cha chai.

Nilimuuliza mara moja kama hawezi kumwachia mtu mwingine kazi hii, askari wa hifadhi kwa mfano, wenye baruti za kweli. Akasema hapana. Mdogo akitishwa na mgeni atamwogopa mgeni, na siku akisikia gari linalokuja polepole atadhani ni yeye. Ilibidi aogope hata lile linalokuja polepole. Ilibidi amwogope yeye.

Siku ya mwisho niliyokwenda, tulimwona kwa darubini kabla hajatusikia. Alikuwa amelala kando ya barabara, karibu mno na kitalu, na kule ng'ambo vumbi la magari ya uwindaji lilikuwa limeinuka. Wifi alisimamisha gari mbali. Akazima injini, akakaa kama zamani, mikono mapajani. Nilishika debe nikingoja amri. Akanitikisia kichwa kwamba niliweke chini. Kisha akawasha injini tu, bila honi, bila kelele, akaliacha gari lisogee kwa ule mwendo wake aliokuwa akiwaendea tangu wakiwa wadogo.

Mdogo aliinua kichwa. Hakungoja. Alinyanyuka na kukimbia, tumbo likigusa majani, akielekea ndani kabisa ya hifadhi, mbali na barabara, mbali nasi na mbali na lile vumbi la ng'ambo. Hakusimama. Hakugeuka hata mara moja. Tulimtazama mpaka akawa doa, na doa likapotea.

Nilimpigapiga wifi begani, nikamkumbatia kutoka nyuma ya kiti, nikamwambia tumeweza, simba wake amepona, arudishe picha ukutani na leo napika mimi. Nilikuwa na furaha kweli, naomba nisamehewe. Alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili, akitazama pale majani yalipolala.

"Amepona," nikarudia, nikidhani hakunisikia.

"Ndiyo," akasema. "Mwenzake alikufa hajanijua. Huyu sasa amenijua."